Mali Bila Daftari: Fedha za Usalama wa Miji

Serikali yoyote ikitamka neno usalama, wananchi hutarajiwa kunyamaza. Sisi hatukubali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, wala hawakuiondoa mali ya polisi katika methali hiyo. Tunataka leo kupima jinsi fedha za ulinzi wa miji zinavyostahili kutawaliwa, na tuanze na nchi iliyojaribu jambo hili kwa sheria na kwa mabilioni.

Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, Marekani ilianzisha mpango wa ruzuku za usalama kwa miji mikubwa. Ulianza mwaka 2003, na mwaka 2023 pekee ulitengewa dola milioni 615. Utaratibu wake unafaa kujulikana. Serikali kuu hupima hatari inayokabili kila jiji na vitongoji vyake, kisha hugawa fedha kwa kiwango cha hatari hiyo. Fedha hupitia jimbo, lakini jimbo halina ruhusa ya kuzikalia: sharti lipeleke angalau asilimia 80 kwa mamlaka za mitaa katika muda wa siku 45. Huko mjini, kamati ya polisi, zimamoto, huduma za afya na maafisa wa maafa huamua pamoja kinachohitajika. Tena ni marufuku kutumia ruzuku hiyo kuziba pengo la bajeti ambayo jiji lilipaswa kuigharamia lenyewe.

Kwa maandishi, mpango huo ni mzuri. Kwa vitendo, umeonyesha mambo matatu ambayo mwanamageuzi yeyote atayatambua.

La kwanza, vipimo vya siri huzaa maamuzi ya ajabu. Mwaka 2006, mgao wa New York ulipunguzwa kutoka takriban dola milioni 207 hadi milioni 124, huku karatasi za tathmini zikionyesha kwamba jiji hilo halina hata mnara mmoja wa kitaifa. Jiji lenye Sanamu ya Uhuru!

La pili, fedha za hofu huvuta walafi. Kufikia mwaka 2010 miji 64 ilikuwa katika orodha. Mwaka uliofuata, Bunge lilipobana matumizi, ikabaki 31. Je, hatari ilipungua kwa nusu katika miezi kumi na miwili? Mwezi Desemba 2012, Seneta Tom Coburn alitoa ripoti iliyoeleza jinsi fedha za ruzuku zilivyolipia ada za maafisa kuhudhuria kongamano katika hoteli ya kitalii huko San Diego, ambako mojawapo ya maonyesho yalikuwa ya askari wakipambana na mazombi.

La tatu ndilo zito zaidi. Silaha na macho yaliyonunuliwa kwa ajili ya magaidi huishia kumwelekea raia. Huko Oakland, California, ruzuku za usalama ziligharimia kituo cha kuunganisha kamera na mitambo ya uchunguzi ya jiji zima. Wananchi walijaza ukumbi wa baraza, na mwezi Machi 2014 madiwani wakaamua kwamba kituo hicho kiishie bandarini na uwanja wa ndege. Mwaka 2018, baada ya miaka ya upinzani wa wanaharakati na viongozi wa dini, kaunti inayozunguka mji huo iliamua kukomesha, kwa sura yake ya wakati huo, zoezi la polisi lililogharimiwa na ruzuku hizi. Waliofanya hivyo hawakuwa maadui wa usalama. Walikuwa walipa kodi waliosoma daftari.

Sasa tugeukie nyumbani. Kenya inajua maumivu ya mashambulizi ya mjini: Agosti 1998, Westgate 2013. Lakini fedha zetu za ulinzi wa miji hutoka wapi, na huamuliwa na nani? Mwaka 2014 serikali ilitia sahihi mkataba wa karibu shilingi bilioni 15 wa mawasiliano ya polisi na kamera za Nairobi na Mombasa, bila zabuni ya wazi. Mwaka huo huo Hazina ililipa takriban shilingi bilioni 1.4 kwa sababu ya mikataba ya Anglo Leasing, ile mikataba ya usalama iliyofichwa kwa jina la siri za taifa.

Wapo watakaotuambia kwamba mambo ya ulinzi hayawezi kuanikwa uani. Tunawajibu kama wanasheria: mahali askari watakapojificha ni siri halali, bei ya gari lao si siri. Kifungu cha 201 cha Katiba kinadai uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma, na Kifungu cha 227 kinadai ununuzi wa haki na wa ushindani. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu, hata anayepita chini ya kamera.

Tena Katiba imegawa kazi. Polisi ni wa serikali ya kitaifa, lakini zimamoto na kukabiliana na maafa ni kazi za kaunti. Jengo likilipuliwa, wote wawili huitwa. Fedha zikibaki makao makuu peke yake, gari la zimamoto litafika bila maji.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Vigezo vya kugawa fedha za usalama wa miji vichapishwe. Kaunti zipate sehemu yao kwa muda uliowekwa na sheria. Kila mtambo wa kuchunguza raia ujadiliwe hadharani kabla ya kununuliwa. Na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu asifungiwe mlango wowote.

Wasomaji wetu wana mahali pa kuanzia. Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa ya mwaka 2011 inaweka mamlaka ya polisi katika kila kaunti, chini ya uenyekiti wa gavana au mteule wake, na inayatengea mashirika ya dini nafasi humo. Ulizeni katika kaunti yenu nani anakalia nafasi hiyo, alikutana na wenzake lini, na aliona hesabu gani. Msipopata jibu, andikeni barua, mtie sahihi, mhifadhi nakala.