Shinikizo la Damu Halingoji Uzee

Wengi wamezoea kuliita shinikizo la damu ugonjwa wa wazee, wakaacha kupimwa mpaka mvi ziote. Mazoea hayo ni ya hatari, na yamekwisha kukanushwa na mambo yaliyoonekana kandokando ya Ziwa Viktoria.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini, kaskazini mwa ziwa hilo, wakahamia Nairobi. Shinikizo lao la damu lilipanda upesi kuliko la wenzao waliobaki nyumbani. Chakula chao kilizidi chumvi. Na mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka zaidi, dalili iliyowaelekeza wataalamu kwenye mishipa ya fahamu.

Mishipa hiyo ndiyo humwandaa binadamu kukabili hatari: huuhimiza moyo, huibana mishipa ya damu, na huziamuru figo zihifadhi chumvi na maji. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini wasiwasi usiokoma, usingizi haba na unene huifanya ikae kama askari asiyepokewa lindo. Umri nao huongeza uzito: mishipa ya damu hukakamaa, na sehemu za shingoni na kifuani zinazouarifu ubongo kwamba shinikizo limezidi hupoteza wepesi wake. Kwa hiyo uzee huukuza ugonjwa ambao mara nyingi ulianza zamani.

Hasara yake imeonekana Mwanza. Miongoni mwa wagonjwa waliolazwa katika wodi za tiba za Hospitali ya Bugando kati ya mwaka 2009 na 2011, maradhi yatokanayo na shinikizo la damu yalikuwa ya pili kwa kuua, baada ya UKIMWI.

Mwalimu aliye darasani na karani aliye ofisini wanaweza kuwa nao bila ya kusikia maumivu yoyote. Basi kujiona mzima si kipimo. Kila mtumishi apimwe. Akikutwa na 140 kwa 90 au zaidi, apimwe tena na kumwona mganga. Aliyepewa dawa asiziache kwa kuwa amepata nafuu, maana nafuu hiyo ndiyo kazi ya dawa.

Wajibu huo si wa mgonjwa peke yake. Halmashauri zihakikishe kwamba kila zahanati, mjini na visiwani, ina kipimo kizima na dawa zisizokatika. Kumhimiza mwananchi apimwe, kisha akakuta kabati tupu, ni kumfanyia mzaha.