Saa Moja ya Nani?

Tarehe 2 Juni, 2011, Google, Microsoft na Yahoo, washindani wakubwa wa biashara, walikubaliana juu ya msamiati mmoja, schema.org, wa kuieleza mitambo yaliyomo katika kurasa za mtandao. Namna ya kuuandika ndiyo iliyozua ugomvi. Wao walipendelea Microdata kwa wepesi wake. Watetezi wa RDFa, iliyokwisha kuidhinishwa na W3C mwaka 2008, wakalalamika. Mwaka 2014 ikaidhinishwa JSON-LD, inayokaa kando ya maandishi bila ya kuyagusa.

Haya si mabishano ya mafundi peke yao. Ofisi itangazapo kuwa meli itang'oa nanga saa moja asubuhi, kila mkaazi wa visiwani anajua ni 07:00. Mtambo usioelezwa huenda ukasoma 01:00, yaani saa saba ya usiku!

Sisi twaiunga mkono JSON-LD, lakini si kwa upofu. Kilichowekwa kando husahaulika, na ratiba ikibadilika wananchi watasoma saa hii na mitambo saa ile. Kwa hiyo twazitaka ofisi za Serikali zimkabidhi mtumishi mmoja dhamana ya yote mawili, na saa ziandikiwe mitambo kwa kanuni ya ISO 8601, pamoja na +03:00 ya kwetu.