Sheria inaishia 1863, Mangi Meli alinyongwa 1900

Leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala katiba mpya, huko nitarudi. Leo naomba tuongee kuhusu mawe.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Old Moshi. Nyuma ya kihamba cha babu, ukishavuka mfongo, kuna kipande cha ukuta wa mawe. Si kirefu, hatua kumi hazifiki, na kimo chake kinanifika kiunoni. Toka nikiwa mdogo tunapaita "kwa Mjerumani". Babu anasema baba yake alimwambia kwamba askari wa boma walikuwa wakilinda hapo enzi za vita. Asubuhi moja nikasikia nyundo. Nikatoka na kikombe cha chai mkononi nikakuta jirani kaleta fundi, anabomoa ukuta na kupakia mawe kwenye toroli. Msingi wa nyumba ya kijana wake.

Nikamwambia fundi asimame kwanza, hiyo ni historia. Akacheka, wala si kwa ubaya. "Dada, historia inalipa ada? Tripu moja ya mawe kutoka mjini hadi huku juu unajua ni shilingi ngapi?"

Nikajibu kwamba kuna sheria. Niko mwaka wa tatu, mdomo wa kusema "kuna sheria" ninao, tatizo ni kifungu. Nikafungua simu palepale kwenye migomba nikaitafuta Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kusema kweli sikuwahi kuisoma, darasani hatuigusi. Nikasoma sehemu ya tafsiri ya maneno. Jengo, ngome, kaburi au chochote kilichojengwa na binadamu kinalindwa moja kwa moja kama kilijengwa kabla ya mwaka 1863. Vitu vinavyohamishika navyo hivyo hivyo, kabla ya 1863. Cha baada ya hapo kinasubiri Waziri akitangaze kwa amri kwenye Gazeti la Serikali.

Nikairudisha simu mfukoni. Fundi akaendelea kupakia.

Huo mwaka umenisumbua tangu siku ile. Walioandika sheria 1964 inaonekana walihesabu karibu miaka mia moja nyuma wakaweka namba. Kwao ilikuwa na maana, kitu cha karne moja ni cha kale. Lakini waliandika mwaka, hawakuandika umri. Umri ungesogea wenyewe kila Januari. Mwaka umebaki palepale, hata marekebisho ya 1979 yalipopita hayakuugusa.

Sasa chukua namba hiyo upande nayo mlimani. Mangi Horombo wa Keni, kule Rombo, alijenga ngome zake za mawe mwanzoni mwa karne ya 19. Yuko salama. Mapango ambayo babu zetu walichimba chini ya ardhi kujifichia na kuficha mifugo wakati wa vita vya wao kwa wao na vya Wamasai, hayo inategemea, na sijui nani ataleta cheti cha kuzaliwa cha shimo. Ila vita vyote vya kupigania nchi hii dhidi ya Mjerumani vimebaki nje ya mstari.

Tukumbushane kidogo, maana wengine shuleni tulipita haraka. Mangi Rindi wa Moshi aliweka mkataba na Wajerumani 1885. Februari 1891 von Wissmann aliipiga Kibosho ya Mangi Sina. Rindi akafa mwaka huo huo, akarithiwa na mwanawe Meli, kijana tu, umri wa wengi mnaosoma hapa. Juni 1892 jeshi la Meli lilikipiga kikosi cha Wajerumani na kamanda wao von Bülow akafa. Hiyo haisemwi vya kutosha: tuliwapiga! Agosti 1893 ikabidi gavana mwenyewe, von Schele, apande mlima na jeshi kubwa. Safari hiyo Meli alishindwa, na boma la kijeshi likasimama Old Moshi, kwa mawe na jasho la watu wale wale walioshindwa.

Tarehe 2 Machi 1900, Meli na wenzake wakanyongwa kwa tuhuma za kupanga maasi. Jumla walikuwa watu 19, na miongoni mwao walikuwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Mti unaotajwa uko Tsudunyi. Wazee wanasimulia kwamba Meli alichukua saa nyingi kufa. Kichwa chake, wanasema, kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Reli ya kutoka Tanga ilipofika 1911, serikali ya Mjerumani ikashuka chini kuifuata, ndiyo Moshi mnayoijua yenye stendi na kahawa. Ya juu ikabaki Moshi ya Kale. Miaka mitano baadaye vita vikaja tena, safari hii Mwingereza na Mjerumani wakigombania shamba la mtu mwingine. Februari 1916 walipigana Salaita, Machi wakapigana Latema na Reata hapo karibu na Taveta, kisha Kahe chini yetu. Hata reli ya Voi kwenda Taveta, ambayo watu hudhani ni ya biashara, ilijengwa kubebea vita hivyo.

Kila nilichotaja kuanzia Rindi kuja huku ni cha baada ya 1863. Boma, mti, mahandaki, tuta la reli. Kila kimoja kinaishi kwa hisani ya kalamu ya Waziri wa Maliasili na Utalii, au kwa hisani ya fundi kukosa toroli.

Wakati huo huo serikali yetu inapenda kuonekana inadai. Februari 2017 waziri wa ulinzi wa wakati ule, Dk. Hussein Mwinyi, aliliambia Bunge kwamba Serikali inafikiria kudai fidia kwa Ujerumani kwa yaliyotokea kwenye Maji Maji. Novemba 2023 Rais Steinmeier alikwenda Songea, mahali ambapo wapiganaji 67 walinyongwa Februari 27, 1906, akaomba radhi. Picha zikapigwa. Sipingi. Nadai tu tuwe na mikono miwili: mmoja unadai Berlin, mwingine unalinda Tsudunyi.

Maana Berlin yenyewe inadaika. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza vita kuu, una Ibara ya 246 inayoiagiza Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Somo la sheria za kimataifa mtu anakariri mambo ya Ulaya mpaka asubuhi, kumbe Kalenga imo mle ndani. Miezi sita ikawa miaka 35, fuvu lilirudi 1954, lakini lilirudi na leo liko kwenye makumbusho pale Kalenga karibu na Iringa. Na mwaka 2023 watafiti wa makumbusho ya Berlin, walioshughulikia zaidi ya mafuvu 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, walitangaza kwamba vinasaba vya fuvu moja vimeoana na ndugu walio hai hapa Kilimanjaro. Fuvu hilo ni la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Ndugu zake wapo, wanalima, wanauza ndizi, na mtu wao alikuwa kwenye boksi. Mjukuu wa Meli naye alitoa sampuli. Fuvu la babu yake bado halijapatikana.

Siku likipatikana litarudi wapi? Tsudunyi, bila shaka. Sanamu ya Meli iliyopo pale tangu 2019 imetokana na watu wa Old Moshi, wasanii na wanaharakati wa hapa na wa Berlin waliochoka kusubiri. Mti umezeeka. Mti hausubiri kikao cha Bunge.

Kuna kamanda mmoja nilipomweleza haya alinijibu kwa hasira: boma la mkoloni la nini, si tulibomoe lote? Namuelewa. Hata mimi nikiliangalia lile jengo sijisikii fahari. Lakini nifikirie kama mtu wa sheria. Hicho ni kidhibiti. Kwenye kesi ambayo bado haijasikilizwa hadi mwisho, upande wa mlalamikaji hauchomi vidhibiti vyake wenyewe. Tukienda mbele ya Wajerumani na kusema hapa ndipo mlipowafunga, hapa ndipo mlipowanyonga, wakatuuliza "wapi?", tuonyeshe nyumba ya kupangisha?

Mwingine akasema zahanati hazina dawa, we unalilia mawe. Hilo gumu zaidi, na sina jibu zuri kuliko hili: kubadilisha mwaka mmoja kwenye sheria hakununui wala kuuza panadoli hata moja. Ni mstari wa maneno.

Mkipata nafasi shukeni Himo, mpite Holili mpaka Taveta. Kuna makaburi ya kijeshi ya Waingereza, nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa, kila jina limeandikwa. Halafu jiulizeni wapagazi wako wapi. Makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa wakibeba mizigo ya vita hivyo, kwa njaa na kuhara zaidi kuliko risasi. Mwaka 2021 tume yenyewe inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hao hawana jiwe. Walichonacho ni ardhi waliyopita, na baadhi ya ardhi hiyo ni vihamba vyetu.

Kwa hiyo wabunge, wale waliopo na wale tutakaowapata, nawaomba jambo moja dogo la kuandika: muswada wa kuondoa 1863 na kuweka umri, tuseme miaka mia moja, unaosogea wenyewe. Kabla ya hapo Waziri ana kalamu tayari. Kabla ya Waziri, halmashauri na vijiji vina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria Na. 7 ya 1982, na ya kijiji haihitaji Dodoma. Vijana wa matawi ya Old Moshi, Kibosho, Siha, Rombo: ingieni kwenye mikutano ya kijiji na orodha. Andikeni mahali, nani anapakumbuka, kihamba cha nani, pigeni picha. Waulizeni wazee sasa, babu yangu ana miaka 84.

Na mwenye kihamba asichukuliwe kama mhalifu. Jirani yetu hakuiba kitu. Ardhi ya mlimani ni finyu, ana kijana anayetaka kuoa, na mawe yalikuwa kwake. Sheria ikimwambia alinde ukuta, imwambie pia nani atamletea tripu ya mawe mengine. Baba yangu alimletea mawili kwa toroli lake, tukabaki na nusu ya ukuta.

Barua niliipeleka ofisi ya kijiji kabla sijarudi chuo. Nilikuwa nimeandika "Ombi la kulinda ukuta wa Mjerumani". Mtendaji akaisoma taratibu, akaiweka mezani, akauliza kama nina uhakika na kichwa cha habari. Babu, aliyekuwa amekaa benchi la mlangoni na fimbo yake, akasema afute hiyo ya Mjerumani, aliyebeba yale mawe alikuwa babu yake yeye. Nikaomba kalamu, nikaandika upya. Iko kwenye ajenda ya mkutano ujao, namba saba, baada ya maji.