KAURI ISIYO NA MADINI YA RISASI

Mvuvi anayetafuta samaki kwa chombo cha mwangwi, na mama mjamzito anayepimwa kwa ultrasaundi, wote hutegemea kipande kidogo cha kauri. Kauri hiyo ikipewa umeme hutetema. Ikitikiswa na mwangwi unaorudi, hutoa umeme. Lakini katika aina itumikayo zaidi, zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, sumu inayodumaza akili za watoto.

Mwaka 2004 wataalamu wa Japani walitangaza kauri ya potasiamu, sodiamu na niobiamu, isiyo na risasi kabisa, ambayo uwezo wake ulikaribia ule wa kauri ya zamani. Njia basi ipo, ingawa ugumu wa kuitengeneza bado ni kikwazo.

Ardhi ya visiwa vyetu kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe. Sumu itupwayo jaani yaweza kufika visimani. Tunaiomba Serikali ikusanye vyombo vibovu kabla havijachomwa moto, na inunuapo vipya iulize kauri yake ni ya namna gani. Nasi wananchi tusivitupe ovyo. Maji yakimwagika hayazoleki.