Chozi wa Kibanjani na Picha Yake

Kijana mmoja wa Kamachumu, katika wilaya ya Muleba, ametuletea barua ambayo tumeona si haki kuijibu kwa mistari miwili. Asema kuwa ameona katika simu picha za yule ndege mdogo wa Amerika asimamaye hewani mbele ya ua kama nyuki, naye akatamani kumpiga picha ndege wa namna ile katika kibanja cha kwao. Mamaye amempa ruhusa, ila wamekhitalifiana kwa jambo moja. Mama hulivunja ua la kila mgomba mara tu vichane vyote vitokapo, na kijana amemwomba amwachie maua matatu tu yaliyo karibu na dirisha, kwa kuwa ndege huja hapo kila asubuhi. Mama amekataa. Kijana atuuliza ni nani mwenye haki.

Kabla hatujahukumu, yatupasa kumjua ndege mwenyewe. Yule wa Amerika hayuko kwetu, wala hayuko popote Afrika. Jamaa zake ni aina zaidi ya 300, na wote wanakaa upande ule wa dunia tu, tangu Alaska hadi ncha ya kusini ya bara lile. Mmoja wao, aishiye kisiwa cha Cuba, ndiye ndege mdogo kuliko wote waliopo duniani. Uzito wake ni kama gramu 2. Wa kwetu ni chozi. Naye ana jamaa zaidi ya 140, waliotawanyika Afrika, Asia hata Australia. Hawa wawili hawana undugu wa karibu. Kufanana kwao ni kwa kazi, si kwa nasaba, kwani kila mmoja amepewa mdomo mrefu na ulimi wa kufyonzea asali ya maua. Lakini yule wa Amerika hula akiwa hewani, mabawa yakipiga upesi hata jicho haliyaoni, ilhali chozi aghlabu hutua juu ya kikonyo cha ua, akajipinda, akala kwa kituo. Jambo hili ni faraja kubwa kwa mpiga picha asiye na chombo cha thamani.

Mtu wa Bukoba au Muleba hana haja ya kusafiri kumtafuta. Yuko chozi mrefu wa mkia mwenye rangi ya shaba, ambaye katika kivuli humdhania ni mweusi tu. Yuko mwingine mweusi kama kaniki, na kifuani ana nyekundu kali mithili ya kitambaa alichofungwa kwa sherehe. Na kando ya ziwa la Victoria yuko yule wa kijani na buluu mwenye ukanda mwekundu kifuani, apendaye hasa pwani hizi za ziwa. Majike yao ni ya kahawia na kijivu, na vijana wengi huwapuuza. Kumbe jike ndiye ajengaye nyumba, na mwenye kumfuata jike kwa macho ndiye atakayeona mengi.

Sasa juu ya ile rangi. Wengi wamelalamika kwamba ndege aliyeng'aa mbele ya macho yao ametoka mweusi katika picha. Sababu ni kwamba mng'ao wa chozi si rangi iliyotiwa katika unyoya kama rangi ya kanga. Ni umbo la unyoya wenyewe, lililopangwa kwa matabaka membamba mno, lirudishalo mwanga kwa pembe yake maalumu. Mwanga ukikosa pembe ile, hapana rangi. Basi mpiga picha alipe jua mgongo, ndege awe mbele yake, na wakati uwe baina ya saa moja na saa tatu za asubuhi, kabla jua halijawa kali juu ya migomba. Mwenye kamera na aiweke katika sehemu ya 1,000 ya sekunde, au upesi kuliko hivyo. Mwenye simu asitegemee kuvuta picha kwa vidole, kwani huko ni kuikuza ukungu. Na atafute kijiti chenye panda, akichomeke ardhini umbali wa mkono mmoja kutoka katika ua, aifunge simu yake kwa kamba ya mgomba, afungue video, kisha aondoke aende zake kwa nusu saa. Chozi dume huwa na maua yake ayalindayo, na hurudi hapo mara kwa mara, atarudi. Baadaye kijana ataichagua picha moja katika mamia. Twaongeza neno moja kwa ajili ya hali ya hewa ya kwetu: mvua ya Bukoba hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wake huotesha ukungu ndani ya vioo vya kamera. Chombo kisilazwe katika mfuko wa nguo. Kikae katika bati lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja katika maboksi ya viatu.

Turudi kwa mama na mwanawe. Hukumu yetu ni kwamba mama ana haki, na haki yake haina mashaka. Ule mnyauko wa migomba, ambao wakulima wa Kagera huuita unyanjano, uliingia Uganda mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 ulikuwa umekwisha onekana Muleba. Wenye kuuona hawakuusahau: majani yakageuka manjano na kulegea, ndizi zikaiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani zimekuwa kahawia, na shina likikatwa hutoka ute wa manjano. Familia ziling'oa migomba iliyopandwa na mababu. Na mlango mkuu wa ugonjwa huu ni lile ua la zambarau lining'inialo chini ya mkungu. Kila jani la ua lidondokapo huacha kovu bichi, nyuki na wadudu wengine hutembea kutoka kovu hadi kovu wakiwa na vijidudu vya ugonjwa, na wataalamu hawakuwatoa katika shaka hiyo ndege na popo walao humo humo. Ndiyo maana wakulima wakafundishwa kulivunja ua mara kichane cha mwisho kitokapo, tena kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, kwa kuwa panga hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Mama wa Kamachumu, basi, havunji ua kwa kuwachukia ndege. Alinda chakula cha nyumba. Picha tatu za chozi, hata zikiwa nzuri namna gani, hazilingani na kibanja kimoja kilichonyauka. Wala kibanja hicho si chake peke yake, kwani ua moja lililoachwa ni hatari kwa migomba ya majirani wote.

Lakini na kijana tusimwache mikono mitupu. Chozi hakuumbiwa mgomba peke yake. Na apande mshubiri kando ya njia, ambao maua yake ya mfano wa mrija yamefanana na mdomo wa chozi kana kwamba yamepimwa pamoja. Liache lile gugu la pembezoni lenye maua ya rangi ya machungwa yapandanayo ghorofa juu ya ghorofa katika bua moja; wenye kupalilia hulifyeka kwa pupa, nalo ni meza kubwa ya chozi. Na mwenye nafasi achomeke ufito mnene wa ule mti wa miiba wenye maua mekundu kama moto na mbegu nyekundu zenye doa jeusi; huota kwa kuchomekwa tu, wakati wa mvua. Kuna watu wa Amerika watundikao vichupa vya maji ya sukari, kipimo kimoja cha sukari kwa vinne vya maji. Hatukatazi, ila kichupa kisichosafishwa kila baada ya siku mbili tatu katika joto letu huwa ni sumu, na tunawajua vijana wetu: siku ya kwanza huoshwa kwa bidii, na siku ya kumi kimesahauliwa.

Iko khatari nyingine, nayo ni kubwa kuliko ya sukari. Kiota cha chozi ni mfuko mdogo wa nyasi na utando wa buibui, unaoning'inia katika kijitawi, na mlango wake uko ubavuni, wenye kijibaraza juu yake. Ndani huwa na yai moja au mawili. Mpiga picha akikiona hupatwa na tamaa ya kukata majani yaliyokizunguka ili aone vizuri. Asithubutu. Majani yale ndiyo paa na ndiyo pazia. Yakiondoka, jua huwachoma makinda na kunguru huonyeshwa njia. Imepokewa na Abu Dawud kwamba Masahaba walikuwa safarini na Mtume, rehema na amani zimshukie, wakachukua makinda mawili ya ndege mmoja mdogo, na mama yao akaja akitandaza mabawa. Mtume akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa kumchukulia wanawe, akaamuru warudishwe. Mwenye kuisoma khabari hiyo hana haja ya kanuni nyingi za wapiga picha. Mama akiacha kurudi kiotani kwa sababu yako, ondoka. Kwa watoto wachukuao manati twasema hivi: shabaha, subira na kunyata, yote hayo yatakiwa vile vile katika kupiga picha, na jioni ndege yu hai.

Kuna jambo ambalo vitabu vya picha havilitaji, nalo latuhusu sana sisi wenye nyumba zilizokaribiana. Kamera iliyoelekezwa kwa ndege juu ya ua wa michongoma yaweza kuchukua, nyuma ya ndege, uani kwa jirani: binti yake anafua, mkewe kichwa wazi akipepeta mtama. Kijana hawakuwaona, kwani jicho lake lilikuwa kwa chozi. Lakini picha imewaona, na ikipelekwa kwa watu mia, sitara ya nyumba ya watu imekwisha vunjwa. Achague upande ambao nyuma ya ndege pana migomba au mbingu. Na kabla ya kuituma picha yoyote, aitazame pembe zake zote nne.

Wako pia wazee wasiopenda picha ya chenye roho kwa asili yake. Maulamaa wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala kuruhusu picha ya kamera, akiona kuwa ni kuzuia kivuli, si kuumba sura. Na Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, aliona kinyume, ila kwa dharura. Hatuna nia ya kuwaamua wakubwa hawa katika ukurasa wa ndege. Kijana ambaye babaye ameishika kauli ya pili asimfanyie babaye ukaidi kwa ajili ya chozi. Na apige maua na miti, ambayo haina mgogoro, au akae na daftari aandike ayaonayo.

Na kuandika huko si kazi ya mtoto. Mwezi wa Novemba mwaka 1890 alifika Bukoba Emin Pasha, mtu wa Silesia aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, aliyewahi kuitumikia Misri huko Ikweta, akajenga kituo cha Wajerumani hapo pwani ya ziwa. Katikati ya shughuli za utawala alikuwa mshika ndege hodari. Siku hizo kumjua ndege kulikuwa ni kumpiga risasi, kumchuna, kuijaza ngozi pamba na kuipeleka Ulaya. Jina lake limebaki katika shomoro mmoja wa Afrika Mashariki, na katika ule mti mrefu uitwao msizi, ambao hondohondo huyapenda sana matunda yake. Leo mtoto wa Kashai mwenye simu ya bei nafuu aweza kuonyesha kuwapo kwa ndege bila ya tone la damu. Iko Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ambayo tangu miaka ya 1980 yakusanya khabari za ndege gani waonekana wapi na katika mwezi gani. Na tangu mwaka 2008 iko iNaturalist, ambamo mtu huweka picha ya kiumbe chochote, na wajuzi humsaidia kukitambua. Watazamaji wengi wa ndege hukimbilia Serengeti na Ngorongoro. Wachache hufika msitu wa Minziro, wenye ndege wasioonekana pengine popote katika Tanzania, na wachache zaidi hupitia bibanja vya Muleba. Kwa hiyo picha ya kenge mwaloni, ya tumbili juu ya paa, au ya hondohondo dume akimlisha mkewe aliyejifungia kwa udongo ndani ya tundu la mti, si kitu cha kudharauliwa.

Kila picha iandikiwe tarehe, saa, kijiji, na ua au mti aliokuwapo ndege. Jina la ndege likikosekana, nafasi yake iachwe wazi na picha ipelekwe hivyo hivyo. Watapatikana wa kulijaza.