Muuguzi Afundishwe Kufikiri

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Mwezi uliofuata, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alidai elimu ijenge akili ya kudadisi.

Hata hivyo, wako wakufunzi wa uuguzi ambao hadi leo huliona swali la mwanachuo kuwa utovu wa adabu. Kwao, kufundisha ni kuandikisha, na majadiliano ni kupoteza wakati. Hiyo ni kasumba.

Mama wa Themi akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, muuguzi hatafungua daftari. Itampasa aite msaada, akande mji wa mimba, achome sindano ya oksitosini, huku akipima hali na kuamua. Uamuzi haufundishwi kwa kunakili.

Husemwa kuwa wanachuo ni wengi na vifaa ni haba. Ni kweli. Lakini mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili vikundini; wakasikiliza redio, wakajadili, wakachimba vyoo. Ikiwa mkulima aliaminiwa kufikiri, mwanachuo wa uuguzi, naye mtu mzima, ananyimwaje imani hiyo?

Heshima ya mkufunzi haipungui kwa kuulizwa. Hupungua pale mgonjwa anapopotea mikononi mwa muuguzi aliyezoeshwa kunyamaza.