Sekunde ya Nyongeza na Deni la Vizazi Vijavyo

Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwangaza kukamilika. Kwa mintarafu hiyo, mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu ya kuufuatilia mjadala unaoelekea kuitenganisha saa na jua.

Tangu mwaka 1967, sekunde haipimwi tena kwa mwendo wa dunia bali kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi ya seziamu. Atomi haibadiliki, ilhali dunia hujizungusha kwa kasi isiyo thabiti. Ili vipimo hivi viwili visiachane kwa zaidi ya sekunde 0.9, mwaka 1972 ulianza utaratibu wa kuongeza sekunde moja kila ilipobidi. Zimekwisha kuongezwa sekunde 27. Ya mwisho ilikuwa ya tarehe 31 Desemba 2016, ambayo kwa saa za Afrika Mashariki iliingia kabla tu ya saa tisa usiku wa kuamkia mwaka mpya.

Hata hivyo, kompyuta nyingi hutatizwa na dakika yenye sekunde 61. Sekunde iliyoongezwa katikati ya mwaka 2012 ilikwamisha mfumo wa kusajili abiria na kuchelewesha safari za ndege za Qantas nchini Australia. Ndiposa Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, uliofanyika Versailles, Ufaransa, Novemba 2022, ukaazimia kwamba kikomo hicho kipanuliwe kufikia mwaka 2035.

Uamuzi huo una mashiko. Mwachano unaotarajiwa ni wa dakika moja hivi kwa karne. Hakuna mkulima wala mvuvi atakayeuhisi. Aidha, dunia imeongeza kasi kidogo katika miaka ya karibuni, hata pakazuka uwezekano wa kuondoa sekunde, jambo ambalo halijawahi kufanywa.

Tatizo liko kwingine. Azimio la 2022 halikutaja kikomo kipya ni kipi, wala namna ya kusawazisha saa kitakapofikiwa. Kizazi kitakachorithi dakika nzima kitakuwa na mitambo mingi zaidi na mafundi wasiowahi kuifanya kazi hiyo. Dawa ya deni ni kulipa. Anayeliahirisha hana budi kueleza litalipwaje. Kanuni hiyo iwekwe wazi kabla ya 2035. Wasomi wa Kiswahili nao waunde istilahi za mjadala huu mapema, ili wanaohesabu saa kwa jua wauchangie kwa lugha yao.